Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Historia ya Habari za Televisheni Zinazotengenezwa na Makampuni

UTANGULIZI

Katika jamii yenye matabaka, habari haidondoki kutoka mbinguni. Hukusanywa, huchaguliwa, hupangwa na husambazwa na watu, na watu hao hulipwa na mtu fulani. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini mtazamaji aketiye mbele ya televisheni saa mbili usiku hulisahau upesi, kwa sababu picha inayotembea ina uwezo mkubwa wa kujifanya ushahidi. Gazeti likiandika kwamba dawa fulani inaponya, msomaji anaweza kuuliza nani kasema. Televisheni ikimwonyesha daktari mwenye koti jeupe, mgonjwa anayetabasamu na kiwanda kinachong'ara, mtazamaji huondoka akiamini kwamba ameona kwa macho yake mwenyewe.

Makala hii inachunguza historia ya chombo kimoja cha propaganda ya kibepari ambacho kilikomazwa nchini Marekani na kisha kikaenea duniani: taarifa ya video kwa vyombo vya habari. Hii ni habari ya televisheni iliyokwisha kutengenezwa, yenye picha, maelezo na mahojiano, ambayo mtengenezaji wake ni kampuni yenye bidhaa ya kuuza au sifa ya kulinda. Kampuni hukipa kituo cha televisheni bure. Kituo huionyesha katikati ya taarifa ya habari kama kwamba ni kazi ya waandishi wake, na mtazamaji haambiwi lolote. Tangazo la biashara, hata likiwa la uongo, angalau hujitambulisha kuwa ni tangazo. Taarifa ya video huvaa nguo za mwandishi wa habari na kuingia nyumbani bila kubisha hodi.

Kada na mwanafunzi hawana budi kuielewa historia hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha jinsi mtaji unavyofanya kazi katika uwanja wa fikra, na si katika viwanda na mashamba peke yake. Pili, chombo hiki hakikubaki Marekani wala hakikubaki mikononi mwa makampuni. Serikali pia zimekitumia, na hilo linatulazimisha kujiuliza maswali ambayo si ya kuwauliza mabepari wa mbali tu.

CHIMBUKO: MWAKA 1914

Wanahistoria wengi wa shughuli za uhusiano na umma humtaja Ivy Lee kuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1906 Lee, akiwa ameajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe wakati wa mgogoro na wafanyakazi, aliyatumia magazeti tamko la kanuni zake. Alisema kwamba kazi yake itafanyika hadharani, kwamba haitakuwa matangazo ya biashara yaliyofichwa, na kwamba mhariri yeyote akitaka kujua taarifa imetolewa kwa niaba ya nani ataambiwa. Tulikumbuke tamko hili, kwa maana historia yote iliyofuata ni historia ya kulikiuka.

Miaka minane baadaye Lee mwenyewe alionyesha thamani ya tamko lake. Tarehe 20 Aprili, 1914, huko Ludlow katika jimbo la Colorado, askari wa jimbo pamoja na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya mahema ya wachimba makaa waliokuwa katika mgomo. Watu wapatao 20 walikufa, miongoni mwao watoto 11 na wanawake wawili waliokosa hewa katika shimo walimojificha chini ya hema lililochomwa moto. Kampuni iliyohusika, Colorado Fuel and Iron, ilikuwa chini ya familia ya Rockefeller. Nchi nzima iliwaka hasira. Rockefeller alimwajiri Lee, naye akaanza kutoa mfululizo wa vijarida vilivyopelekwa kwa wahariri, wanasiasa, walimu na viongozi wa dini, vikidai kueleza ukweli wa mambo ya Colorado. Mojawapo ya vijarida hivyo kilitia chumvi malipo ya viongozi wa mgomo kupita kiasi. Alipohojiwa na tume ya serikali kuu mwaka 1915, Lee alikiri kwamba yeye hakuyahakiki maelezo aliyopewa na kampuni. Aliyapokea na kuyasambaza.

Hapo tayari tunauona mfumo wote kwa umbo lake changa. Damu inamwagika, mwenye mali anashtakiwa mbele ya umma, mtaalamu anaajiriwa, karatasi zinachapwa na kugawiwa bure, wahariri wenye kazi nyingi na waandishi wachache wanazichukua. Kilichokosekana ni picha.

Picha nayo ilianza mwaka ule ule. Mwezi Januari, 1914, Henry Ford alitangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, jambo lililompatia sifa duniani, ingawa kuupata wote kulimlazimu mfanyakazi akubali kuchunguzwa maisha yake ya nyumbani na maofisa wa kampuni. Katika mwaka huo huo Ford alianzisha idara yake mwenyewe ya filamu, na idara hiyo ikaanza kutoa filamu fupi za kila juma zilizoitwa Ford Animated Weekly. Zilionyesha matukio, mandhari na viwanda, nazo zilipelekwa katika majumba ya sinema pasipo malipo. Hazikupiga kelele kwamba nunueni gari la Ford. Jina la Ford lilitosha, na mtazamaji aliondoka akiwa ameuona ulimwengu kupitia jicho la mwenye kiwanda.

Mwenye jumba la sinema alifurahi kwa kuwa alipata filamu bila gharama, na Ford alifurahi kwa kuwa alipata watazamaji wasiojua kwamba wanahubiriwa. Aliyelipa ni mtazamaji, kwa kuwa alinunua tiketi ili atazame propaganda ya mtu mwingine.

PICHA ILIYOFICHWA: CHICAGO, 1937

Nguvu ya mtaji juu ya picha haimo katika kutengeneza tu. Imo pia katika kuzuia. Mfano mkubwa ni ule wa tarehe 30 Mei, 1937, mbele ya kiwanda cha chuma cha Republic Steel, kusini mwa Chicago. Wafanyakazi waliokuwa katika mgomo waliandamana na familia zao kuelekea kiwandani. Polisi waliwafyatulia risasi, na watu 10 walikufa. Magazeti mengi yaliandika kwamba polisi walijihami dhidi ya kundi la wahuni.

Lakini mpiga picha wa kampuni ya Paramount alikuwapo na alipiga filamu. Paramount iliizuia filamu hiyo kwa madai kwamba ingechochea ghasia katika majumba ya sinema. Ilibidi kamati ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na Seneta La Follette, iichukue kwa nguvu ya sheria. Mwezi Juni gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilieleza yaliyomo katika filamu hiyo, na ndipo umma ulipojua kwamba watu walipigwa risasi na kupigwa marungu huku wakikimbia.

Tulinganishe. Filamu ya Ford ilitolewa bure kwa kila aliyeitaka, na filamu ya Chicago ilifungiwa kabatini. Katika soko la habari, picha inayomfaa mwenye mali huwa rahisi kupatikana, na picha inayomfaa mfanyakazi huwa ghali, adimu na ya hatari. Haikuhitajika amri ya serikali kuleta hali hiyo, wala mkutano wa siri. Ilitosha kwamba majumba ya sinema, kampuni za filamu na viwanda vilikuwa mali ya tabaka moja.

MAKOLONI NAYO HAYAKUACHWA

Katika miaka hiyo hiyo himaya za kikoloni zilijifunza matumizi ya filamu. Mwaka 1934 Bodi ya Propaganda ya Chai ya Ceylon iligharimia filamu iliyoitwa Song of Ceylon, ambayo mpaka leo husifiwa katika vyuo vya sinema kwa ufundi wake. Mwaka huo huo kampuni ya mafuta ya Shell ilianzisha kitengo chake cha filamu mjini London.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, waliendesha jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za mafunzo. Jaribio hilo lilihusiana na mabaraza ya wamisionari, likapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la Marekani, na serikali za kikoloni zikasaidia. Makampuni ya migodi ya shaba ya Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, nayo yalichangia. Filamu zilihusu akiba katika benki ya posta, ulipaji wa kodi, minyoo ya safura, kilimo cha kahawa. Zilizungushwa kwa lori na kuonyeshwa kwa watu wengi ambao hawakuwahi kuona sinema.

Si haki kusema kwamba kila kilichoonyeshwa kilikuwa uongo. Safura ni ugonjwa wa kweli, na choo ni kinga ya kweli. Lakini mchanganuzi makini atauliza: mbona filamu ya kodi ilimweleza mwananchi faida ya kulipa, wala haikumweleza nani anapanga kodi hiyo na kwa idhini ya nani? Mbona ya kahawa ilifundisha kupalilia, wala haikusema bei inapangwa wapi? Wenye migodi walijua kwa nini wanachangia: walihitaji vibarua wenye afya, wenye nidhamu na wasiouliza.

Kuna jambo moja la ufundi hapa linalostahili kukumbukwa. Sauti za filamu za Vugiri hazikuwa katika utepe wa picha. Zilirekodiwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kuelezwa kwa Kiswahili mahali hapa na kwa lugha nyingine mahali pale. Picha ni ya bwana, sauti ni ya jirani yako. Nusu karne baadaye tutauona ujanja huo huo katika taarifa za video, kwa vyombo vya kisasa zaidi.

Mfano wa Guatemala unaonyesha mahali propaganda ya kampuni inapoweza kufika. Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Arbenz ilipitisha sheria ya kuwagawia wakulima ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa. Kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit, ilikuwa na ardhi kubwa ya namna hiyo. Serikali ilitaka kuilipa fidia ya dola zipatazo 627,000, kwa kufuata thamani ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeitaja ilipokuwa ikilipa kodi. Marekani ilidai zaidi ya dola milioni 15. Wakati huo mshauri wa kampuni katika uhusiano na umma alikuwa Edward Bernays, mtu aliyefanya kazi katika kamati ya propaganda ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ambaye mwaka 1929 aliisaidia kampuni ya sigara kwa kuwapanga wanawake wavute hadharani katika maandamano ya Pasaka mjini New York, ili ionekane ni habari ya ukombozi wa wanawake. Bernays aliwaandalia waandishi wa Marekani safari za kwenda Guatemala kwa gharama ya kampuni. Walirudi wakaandika juu ya hatari ya ukomunisti. Mwezi Juni, 1954, Arbenz alipinduliwa kwa operesheni ya shirika la ujasusi la Marekani, na ardhi ikarudishwa. Propaganda haikumpindua Arbenz peke yake. Bunduki na ndege zilifanya kazi yake. Lakini propaganda iliuandaa umma wa Marekani uone upinduzi ule kuwa ni ukombozi.

KANDA YA VIDEO NA SETILAITI

Hatua mpya ilikuja katika miaka ya 1970 na 1980. Televisheni ilikuwa imekwisha kulipiku gazeti, na kanda ya video ikaifanya kazi ya kupiga na kuhariri picha kuwa nyepesi kuliko filamu. Setilaiti iliwezesha picha moja kupokelewa na mamia ya vituo kwa dakika ile ile. Mwezi Novemba, 1982, baada ya watu saba kufa katika eneo la Chicago kwa kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mhalifu, kampuni ya Johnson & Johnson ilifanya mkutano na waandishi wa habari uliorushwa kwa setilaiti katika miji 30 ili kuirudisha dawa yake sokoni. Mwaka 1986 ilianzishwa New York kampuni iitwayo Medialink, ambayo biashara yake ilikuwa kusambaza taarifa za video za makampuni kwa vyumba vya habari.

Tuangalie jinsi chombo chenyewe kilivyoundwa, kwa kuwa siasa yake imo ndani ya ufundi wake. Kwa kawaida taarifa ya video ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni habari kamili ya dakika moja na nusu hivi, yenye msimulizi anayezungumza kama mwandishi. Ya pili ni picha ghafi zisizo na msimulizi: kiwanda, maabara, watu madukani, mtaalamu akijibu maswali ambayo hayakuulizwa na mwandishi yeyote. Sauti ya msimulizi iliwekwa katika mkondo wake peke yake ili kituo kiweze kuiondoa na kuweka sauti ya mwandishi wake, ambaye watazamaji wanamjua na kumwamini. Pamoja na kanda ilikuja karatasi yenye maneno ya kusomwa, mpaka yale ambayo mtangazaji atatumia kuitambulisha habari.

Kwa hiyo mhariri hakudanganywa. Yeye alijua kanda imetoka wapi, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa. Aliyedanganywa ni mtazamaji, na aliyemdanganya ni kituo chenyewe, mbia wa hiari katika shughuli hii.

Kwa nini kituo kilikubali? Jibu la kusema kwamba waandishi wamepotoka kimaadili halitoshi, na kada asiridhike nalo. Lazima tutazame msingi wa kiuchumi. Wenye vituo walitaka faida kubwa zaidi. Waliongeza saa za vipindi vya habari, kwa sababu matangazo ya biashara yaliyomo humo yaliingiza fedha, na papo hapo walipunguza waandishi na wapiga picha. Saa zikaongezeka, mikono ikapungua, na pengo likabaki. Kampuni zikaja na kanda za bure kuliziba. Mwaka 1982 mtaalamu wa mawasiliano Oscar Gandy aliuelezea uhusiano huu kuwa ni ruzuku: mwenye nguvu hupunguza gharama ya kupata habari anazozitaka yeye, na hivyo huzifanya habari nyingine zionekane ghali. Hakuna haja ya kumhonga mhariri mmoja mmoja pale ambapo chumba chake kizima cha habari kimekwisha kupewa ruzuku.

Mtetezi wa mfumo huu atasema: je, kama habari ni ya kweli? Swali hili linastahili jibu. Mwezi Juni, 1993, watu kadhaa nchini Marekani walidai kukuta sindano ndani ya makopo ya Pepsi. Kampuni ilitoa taarifa za video zikionyesha jinsi makopo yanavyojazwa kwa kasi na kufungwa, na zilitazamwa na mamilioni ya watu. Madai ya sindano yalithibitika kuwa ya uongo. Kampuni ilikuwa na haki. Lakini tuzingatie kwamba katika kisa hicho kampuni ilikuwa haina haja ya kujificha, na kila mtu alijua ni Pepsi inayojitetea. Mwenye ukweli mkononi hapungukiwi kitu akisema jina lake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tunaweza kuongeza kwamba kibaya zaidi hujitembeza kikiwa kimevaa jina la mwingine.

KUTOKA BIDHAA MPAKA VITA: 1990

Chombo kilichozoea kuuza dawa na magari kiliweza pia kuuza vita. Baada ya Iraq kuivamia Kuwait mwezi Agosti, 1990, kampuni ya uhusiano na umma ya Hill & Knowlton iliajiriwa na kundi lililojiita Raia kwa Ajili ya Kuwait Huru. Karibu fedha zote za kundi hilo zilitoka kwa serikali ya Kuwait, na kampuni ililipwa zaidi ya dola milioni 10.

Tarehe 10 Oktoba, 1990, binti wa miaka 15 alitoa ushahidi mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani wanaoshughulikia haki za binadamu. Alitajwa kwa jina la Nayirah tu. Huku akilia alieleza kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za joto hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Wapiga picha wa Hill & Knowlton walikipiga kikao hicho, kampuni ikatengeneza taarifa ya video, na Medialink ikaisambaza kwa vituo vipatavyo 700. Mamilioni ya watu waliiona. Rais wa Marekani alilirudia jambo hilo katika hotuba zake. Tarehe 12 Januari, 1991, Seneti ilipiga kura ya kuruhusu vita, kura 52 kwa 47.

Mwezi Januari, 1992, baada ya vita kwisha, mwandishi John R. MacArthur alifichua kwamba binti yule alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington. Wachunguzi wa haki za binadamu waliokwenda Kuwait hawakupata ushahidi wa kuthibitisha kisa cha watoto wale. Uvamizi wa Iraq ulikuwa wa kweli, na mateso ya watu wa Kuwait yalikuwa ya kweli. Lakini picha iliyoigusa mioyo ya watu kuliko zote ilikuwa imetengenezwa kwa malipo, na waliolipa hawakutajwa pale kura ilipopigwa.

SHERIA BILA MENO

Je, Marekani haikuwa na sheria? Ilikuwa nayo. Sheria ya mawasiliano inakitaka kituo kimtaje aliyekilipa au kukipa kitu cha thamani ili kitangaze jambo, na masharti hayo yalikazwa mwaka 1960 baada ya kashfa ya hongo iliyotolewa ili nyimbo zipigwe redioni. Sheria iliandikwa, utekelezaji wake ulilala.

Iliamka kidogo mwaka 2004, tena kwa kosa la serikali. Wizara ya afya ya Marekani ilikuwa imesambaza taarifa za video za kusifu sheria mpya ya dawa kwa wazee, na msimulizi wake alifunga maelezo yake kama mwandishi aliyepo Washington. Vituo visivyopungua 40 vilizitumia. Mwezi Mei mwaka huo ofisi ya ukaguzi ya bunge iliamua kwamba wizara ilivunja katazo la kutumia fedha za umma kwa propaganda ya siri. Mwezi Machi, 2005, gazeti la New York Times lilieleza kwamba idara za serikali zisizopungua 20 zilikuwa zimetengeneza mamia ya habari za namna hiyo.

Mwaka 2006 kituo cha utafiti kiitwacho Center for Media and Democracy kilitoa matokeo ya uchunguzi wa miezi 10. Kilifuatilia taarifa za video 36 na kukuta vituo 77 vilivyozitumia pasipo kuwaeleza watazamaji waziwazi zimetoka wapi. Wateja waliotengenezewa walikuwamo General Motors, Intel, Pfizer na Capital One. Vituo vingine viliondoa jina la kampuni palipokuwa limeandikwa, vikaweka nembo yao.

Adhabu iliyofuata inafundisha kuliko kosa lenyewe. Mwezi Septemba, 2007, tume ya mawasiliano iliitoza kampuni ya Comcast dola 4,000 kwa kuonyesha taarifa ya video kuhusu dawa ya usingizi. Mwaka 2011 vituo viwili vilitozwa dola 4,000 kila kimoja, kimoja kwa habari ya magari ya General Motors na kingine kwa habari ya dawa ya mafua. Kwa kampuni yenye mapato ya mabilioni, dola 4,000 ni ada ya kuendelea na shughuli. Medialink yenyewe ilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka 2009. Hakuna aliyeifunga. Kanda ya setilaiti ilipitwa na wakati kwa kuwa makampuni yalianza kuzitia video zao moja kwa moja katika intaneti, na kuwalipa watu wenye wafuasi wengi wazisifu bidhaa zao.

YANATUHUSU NINI?

Kuna wanaodhani kwamba haya ni mambo ya Marekani. Wanasahau kwamba nchi zetu zilikuwa wateja wa picha za wengine tangu televisheni zilipoanza, Kenya mwaka 1962 na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Picha za dunia ziliuzwa hasa na mashirika mawili yenye makao yake London: Visnews na UPITN. Mwaka 1975 mchapishaji mmoja wa Marekani, John McGoff, alinunua nusu ya hisa za UPITN. Baadaye, katika kashfa ya habari iliyoitikisa Afrika Kusini mwaka 1978 na 1979, ilifichuka kwamba fedha zilitoka katika mfuko wa siri wa serikali ya makaburu. Waziri Connie Mulder alijiuzulu, na Vorster akaacha urais mwezi Juni, 1979. Maana yake ni kwamba katika miaka ambayo vijana wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi, sehemu ya mfereji ulioziletea televisheni za dunia picha ilikuwa imenunuliwa na wauaji wao.

Nchi za Ulimwengu wa Tatu ziliiona hatari hiyo. Nchi zisizofungamana na upande wowote zilianzisha ushirika wa mashirika yao ya habari mwaka 1975. Tanzania iliunda SHIHATA mwaka 1976. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuunda PANA mwaka 1979, nayo ikaanza kazi Dakar mwaka 1983. Tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilitoa ripoti yake mwaka 1980, ikiitahadharisha dunia juu ya habari kumilikiwa na wachache na kugeuzwa bidhaa. Marekani ilijitoa UNESCO mwisho wa mwaka 1984, na Uingereza mwaka 1985.

Leo SHIHATA haipo tena, na PANA iligeuzwa kuwa kampuni. Ni rahisi kulaumu ubeberu kwa yote. Lakini uchambuzi wa haki unadai tuseme pia kwamba mashirika mengi ya habari ya serikali yalijaa hotuba na ziara za viongozi, yakakosa sauti ya mkulima anayedai malipo ya pamba yake. Msomaji aliyechoshwa na habari za aina hiyo alikuwa windo jepesi kwa picha za rangi za makampuni. Tangu televisheni za binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, vyumba vya habari vimekabiliwa na hesabu ile ile ya Marekani: saa nyingi, waandishi wachache, mishahara midogo. Mwandishi anayekwenda kwenye uzinduzi wa bidhaa kwa gari la kampuni, akala chakula cha kampuni, akapewa bahasha ya nauli na picha zilizokwisha kupigwa, yumo katika historia ile ile iliyoanza Colorado na Detroit.

HITIMISHO

Historia hii inatupa mafunzo manne.

Kwanza, silaha kuu ya propaganda ya kampuni ni kuficha msemaji. Uongo ni silaha ya ziada. Habari yenye maneno ya kweli matupu bado inaweza kuwa udanganyifu, kama aliyeichagua na kuilipia amefichwa.

Pili, chanzo chake ni cha kiuchumi. Semina za maadili hazitaziba pengo ambalo limefunguliwa na mwenye kituo anayetafuta faida kwa kupunguza waandishi. Chumba cha habari kisichoweza kumpeleka mwandishi wake mgodini, shambani na kiwandani kitaletewa mgodi, shamba na kiwanda kama mwenyewe anavyotaka vionekane.

Tatu, sheria ni ya lazima lakini haijitoshelezi. Sheria isiyo na adhabu yenye uzito humpa mkosaji cheti cha usafi.

Nne, na hili ni gumu zaidi, kanuni ni lazima iwe moja kwa wote. Kosa lililowatia hatiani maofisa wa wizara ya afya ya Marekani mwaka 2004 ndilo lile lile la kampuni ya dawa: kumhutubia raia bila kujitambulisha. Kada anayelaani video ya kampuni, halafu akakiagiza kituo cha umma kionyeshe video ya idara yake kama habari ya waandishi, hana silaha ya kupigania hoja yake. Chama, serikali, shirika na mgodi vyote vina haki ya kusema. Wajibu wao ni kusema kwa majina yao.

Katika vikundi vya kujisomea, wanachama watafanya vema wakichukua taarifa ya habari ya siku moja na kuiuliza maswali haya: nani alipiga picha hii? Nani alilipa? Nani mwingine alikuwapo na hakuulizwa? Kama habari hii isingetangazwa, nani angepata hasara? Kazi hiyo haihitaji chuo wala mitambo. Wahenga walitufundisha kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wajibu wa mwanamapinduzi ni kumtafuta seremala.